Kufuli la Bampa la Nyuma

NATHANAELI: Haloo, nani mwenzangu?

FANUEL: Shikamoo mzee.

NATHANAELI: Marahaba. Namba hii siijui.

FANUEL: Ni mimi Fanuel. Fanuel dereva, wa gari la wagonjwa, kule kituo cha—

NATHANAELI: Nakujua.

FANUEL: Mzee Nathanaeli? Upo hewani?

NATHANAELI: Nipo. Miezi kumi na moja hujanitafuta. Leo unakuja na namba mpya.

FANUEL: Ile ya zamani uliiblok mzee.

NATHANAELI: Aliiblok binti yangu Elizabeth, mimi mambo hayo siyajui. Nilimwambia kwamba huyu dereva alinitazama machoni, mke wangu yuko ndani kwenye jeneza, akaniambia tulichelewa kwa sababu mafuta yaliisha njiani. Mpaka nesi mmoja aliponihurumia akaniambia ukweli palepale makaburini. Sasa sema shida yako, niko kazini. Nina gari la watalii hapa, Kruza, linaingia porini kesho.

FANUEL: Bado una gereji kule Lemara?

NATHANAELI: Niende wapi? Njiro kwa wakubwa?

FANUEL: Mimi ndiyo niko Njiro saa hizi. Gereji ya kijana mmoja anaitwa Derick. Wiki jana lori la mawe lilitugonga nyuma pale Kisongo, bampa likabonyea lote. Sasa tunafungiwa jipya.

NATHANAELI: Bampa nililolitengeneza mimi limebonyea?

FANUEL: Lori, mzee. Lilikuwa limejaa.

NATHANAELI: Kile ni chuma cha milimita sita.

FANUEL: Na ndicho kilichotuokoa. Bodi ya gari haina hata mkwaruzo. Bampa lako lilibeba yote peke yake.

NATHANAELI: (anakohoa) Haya. Kwa hiyo umenipigia kunipa pole ya bampa.

FANUEL: Hapana mzee. Ni kwamba... ule mkono wa tairi la spea ulipona. Ule unaopita mbele ya mlango wa nyuma. Derick ameulaza hapa chini, ndiyo sampuli yake. Anatengeneza mwingine kama ule ule. Na sehemu ya kufuli, pale pale.

(mtandao unakwaruza)

NATHANAELI: Sikusikia.

FANUEL: Nasema na kufuli pale—

NATHANAELI: Nimesikia Fanuel. Sikutaka urudie. Nani kaagiza? Mganga mfawidhi wenu?

FANUEL: Yeye. Anakuja kulichukua gari jioni hii.

NATHANAELI: Sawa. Yaani hajatosheka. Mtu anakabidhiwa kituo kizima cha afya, anatia ufunguo wa kufuli hilo mfukoni, anapanda basi kwenda semina Dodoma. Anakula kuku hotelini. Huku mke wangu Naeku amebanwa na pumu, ametoka kupura maharage, vumbi limemjaa kifua, anabebwa kwenye machela mpaka nyuma ya gari, na mlango haufunguki. Mtungi wa oksijeni uko ndani. Wanauona kwa kioo. Wanauona, Fanuel.

FANUEL: Nilikuwepo mzee.

NATHANAELI: Ndiyo, ulikuwepo. Unapiga kufuli na jiwe kama mtu anayevunja karanga. Mimi nimeishia darasa la nne, lakini gari la wagonjwa halifungwi kama ghala la mahindi, hilo nalijua. Hao wenye vyeti vyao ukutani hawajui. Niliwaandikia barua wilayani, Elizabeth aliichapa vizuri, wakanijibu suala linashughulikiwa. Linashughulikiwa. Naeku anaoza, wao wanashughulikia.

FANUEL: Mzee, ndiyo maana nimekupigia. Sitaki kufuli lirudi. Leo asubuhi nilimfuata mfawidhi, nikamwambia bosi, kwa yaliyotokea, tairi tuliweke juu ya paa, kwenye keria, mlango ubaki huru. Unajua alinijibu nini?

NATHANAELI: Mwizi wa maisha ya watu atajibu nini.

FANUEL: Alisema yeye ni daktari, si fundi. Akasema kazi ile ilishauriwa na fundi mkubwa kuliko wote mjini, na fundi huyo akisema ibadilishwe, yeye hana neno, itabadilishwa leo leo. Nikaja kwa Derick. Derick naye ananiambia, kaka, mimi kazi ya Mzee Nathanaeli nibadilishe kama nani? Anasema bampa lako la kwanza alilichungulia akiwa bado anaosha magari Kisongo, ndipo akaitaka hii kazi. Anasubiri neno lako.

NATHANAELI: Ngoja. Mfawidhi amesema kufuli nilishauri mimi?

FANUEL: Ndivyo alivyosema.

NATHANAELI: Mwongo.

FANUEL: Mzee...

NATHANAELI: Mwongo mkubwa. Wamezoea, wakiharibu wao wanatafuta mtu mwenye mikono ya grisi wamtwishe. Mimi niliambiwa tengeneza, nikatengeneza. Mimi nani wa kumshauri daktari?

FANUEL: Mzee, siku ile ndiye niliyelileta gari kwako. Nilikaa pale kwenye ndoo ya rangi, karibu na geti. Nisamehe. Alikuambia anataka bampa gumu la nyuma, basi. Tairi libaki chini ya gari kama lilivyotoka kiwandani. Wewe ukacheka. Ukamwambia mganga, huko chini wezi watalibeba umesimama unanunua vocha. Ukasema magari yote ya watalii unayafungia mkono, tairi linakaa mlangoni, kufuli moja, unalala usingizi. Akakuuliza itaongeza gharama? Ukasema hapana, hiyo ni zawadi yangu kwa kituo. Ukaingia ndani ukatoka na kufuli lako mwenyewe.

NATHANAELI: Naeku ndiye aliyesema nisiwatoze.

FANUEL: Sikujua hilo.

NATHANAELI: Alisema ni gari la kijiji. Alisema hata akina mama wanaojifungua watapanda. Nikaona basi nifanye kazi ya kueleweka. Nililipiga rangi mara tatu.

FANUEL: Lilikuwa zuri mzee. Watu walilisifia.

NATHANAELI: (taratibu) Kwenye gari la watalii nyuma ni masanduku ya chakula na mahema. Watu wanashukia ubavuni, Fanuel. Miaka ishirini na mbili nafunga bampa, sijawahi kufunga gari ambalo mtu anaingilia nyuma. Mkono unajipeleka wenyewe. Unapima chasisi, unatoboa, unaweka bawaba, unaweka kufuli. Hufikirii. Hata mimi nilipolivuta kujaribu lilishika vizuri, nikafurahi.

FANUEL: Najua.

NATHANAELI: Lakini ufunguo aliubeba yeye.

FANUEL: Aliubeba yeye, mzee. Hilo hakuna anayebisha. Hata kamati ya kituo ilimwambia.

NATHANAELI: Basi mwambieni yeye aondoe kufuli. Mimi mnanitakia nini? Mnataka nisimame mbele ya watu niseme nini?

(mtandao unakwaruza, sauti inakatika)

FANUEL: ...haloo? Mzee unanipata?

NATHANAELI: Nakupata.

FANUEL: Kuna jambo sikukuambia. Niliahidi nisiseme, ila Derick ameshawasha mashine, na mimi ndiye nitakayeliendesha tena hili gari. Yale maneno ya mafuta kuisha hayakuwa yangu.

NATHANAELI: Ya nani? Ya mfawidhi?

FANUEL: Ya mama Elizabeth.

NATHANAELI: Naeku?

FANUEL: Tulipoona mlango umegoma tulimweka mbele, siti ya abiria, nesi amebanana naye. Ukuta wa nyuma ya siti una kidirisha kidogo tu, mkono unapita, mtungi haupiti. Nikakanyaga mafuta. Kabla ya kufika lami akanishika shati hapa begani. Alikuwa anaongea neno moja moja. Akasema, ile kazi ni ya baba Elizabeth, nimeijua. Nikamwambia mama usiongee, pumua. Akasema, asijue ni kufuli. Mwambieni mafuta yaliisha.

NATHANAELI: Alisema hivyo.

FANUEL: Aliniapisha mzee. Nami nikakubali, ningefanyaje. Baada ya pale hakuongea tena.

FANUEL: Mzee? Nimekosea kukuambia?

NATHANAELI: Alikuwa anaijua kazi yangu kwa mshono wa kuchomelea. Tukipita mjini ananionyesha, lile lako, lile si lako.

FANUEL: Pole mzee.

NATHANAELI: Mimi nikakuita mwongo kijiji kizima. Niliwaambia wasikupe hata maji.

FANUEL: Yameisha hayo.

NATHANAELI: Hayajaisha. Huyo kijana yuko hapo?

FANUEL: Yupo, amevua miwani, anatutazama.

NATHANAELI: Weka spika.

FANUEL: Mzee, kama ni vigumu naweza kumwambia kwa niaba—

NATHANAELI: Nimesema weka spika.

FANUEL: Haya, tayari. Anakusalimia, anasema shikamoo.

NATHANAELI: Marahaba. Derick, sikiliza, mimi ndiye Nathanaeli. Huo mkono uliolaza hapo chini niliutengeneza mimi, na niliutengeneza vibaya. Kiungo ni kizuri, ila mahali ndipo pabaya. Gari hilo lina mlango mmoja tu wa mgonjwa, na mimi niliupitishia chuma na kufuli. Hakuniambia mtu. Mfawidhi hakuniomba. Ni mimi. Umesikia?

FANUEL: Anasema amesikia, mzee.

NATHANAELI: Usinijibie wewe, aseme mwenyewe... Haya, nimemsikia. Bampa fanya kama lilivyokuwa, milimita sita, na hapo katikati waachie ngazi ya kukanyagia, machela yapite bila kuinuliwa sana. Matundu ya chasisi usitoboe mapya, tumia yale yangu, yamekaa sawa. Tairi lipande juu ya keria. Likiibwa, liibwe. Mfawidhi akija akikuuliza nani kabadilisha, mwambie aliyelifunga ndiye aliyelifungua. Na akitaka kuandika, aandike jina langu lote.

FANUEL: Anauliza, na hii sampuli? Anasema ni chuma kizuri, ungependa akurudishie?

NATHANAELI: Akikate. Vipande vipande, mtu mwingine asije akakiokota akakifunga.

FANUEL: Anasema sawa. Anauliza sasa hivi?

NATHANAELI: Sasa hivi.

FANUEL: Haya mzee, ngoja nizime spika...

NATHANAELI: Iache. Fanuel.

FANUEL: Naam mzee.

NATHANAELI: Jumapili ukitoka ibadani pita nyumbani. Elizabeth atapika. Uje unieleze lile neno moja moja, polepole, toka alipokushika shati.

FANUEL: Nitakuja.

NATHANAELI: Uje na mkeo.

FANUEL: Tutakuja wote. Mzee, watu wa mtandao wananitumia meseji hapa, dakika zangu ndiyo zinaishia. Derick amewasha grinda ya kukatia chuma, sijui kama unanisikia.

NATHANAELI: Naisikia.

FANUEL: Nasema kwaheri mzee, ubaki salama, tutaonana Jumapili—

NATHANAELI: Usikate. Isogeze karibu na chuma, niisikie mpaka iishe.

FANUEL: Haya, nimeisogeza mzee. Ila zikiisha—

NATHANAELI: Zikiisha ziishe.

(simu inakatika)