Marehemu Elieza Ndahani na Historia Aliyoshindwa Kuiandika

Mchungaji, wazee wa ukoo, majirani mliotoka Chang'ombe alfajiri kwa basi, na nyote mliokaa juani kwa sababu maturubai hayakutosha, familia inawaomba masikio yenu, tumsindikize ndugu yetu kwa maneno kabla ya kumsindikiza kwa miguu. Anayewasomea ni Meshack, mdogo wake marehemu, na wengi wenu mnakumbuka kwamba aliwahi kusimama hapahapa Gulwe na karatasi mkononi, mwaka 2013, siku ya kumzika shemeji Ruthu, na kwamba alikaa chini kabla watu hawajamaliza kukohoa. Leo atachukua muda zaidi, mtuvumilie.

Marehemu Elieza Bartolomayo Ndahani alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 hapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Bartolomayo Ndahani, aliyekuwa kibarua wa njia ya reli, na Mama Paulina, mkulima wa uwele na karanga, ambao wote wawili wametangulia. Inasimuliwa nyumbani kwamba alichelewa kuongea hadi ukoo ukaingiwa na wasiwasi, na alipoanza, alianza kwa uongo, kwamba treni ya mizigo imesimama uani ikamwomba maji ya kunywa. Mama alimchapa, lakini baba alitaka kujua ilikunywa ndoo ngapi.

Alisoma shule ya msingi hapa Gulwe kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari mjini Mpwapwa kuanzia 1972 hadi 1975, ambako walimu walimsifu kwa insha na kumlaumu kwa hesabu, kisha akasomea mifugo, hukohuko Mpwapwa, na kutunukiwa cheti mwaka 1978. Julai mwaka huohuo aliajiriwa kama bwana mifugo wilayani Kongwa, akahamishiwa Mpwapwa mwaka 1983, akahamishiwa tena Dodoma mjini mwaka 1994, akajenga Chang'ombe, akastaafu Machi 2017. Wafugaji walimpenda kwa sababu hakuwafokea, ingawa walijua pia kwamba ukimkuta ameegemea ukuta wa josho, amekodoa macho na kalamu mdomoni, ng'ombe wako wanaweza kupita mara mbili kwenye dawa bila yeye kushtuka.

Maana marehemu alikuwa mtunzi wa hadithi. Hakulipwa kwa kazi hiyo, na hakupenda kuitwa mwandishi, alisema mwandishi ni mtu mwenye meza. Alianza kutunga mwaka 1981, akisubiri mifugo inayochelewa kufika joshoni, na hadithi zake zilihusu watu wa kawaida wa huku kwetu, mwanamke anayegombana na mvua, mlinzi wa stesheni anayeogopa giza, wakwe wawili waliosusiana mpaka wakasahau sababu. Mwaka 2004 alizikusanya katika kijitabu kimoja, ambacho kiliuzwa kidogo, kikagawiwa sana, na kilichobaki kililiwa na mchwa. Aliwahi kusema kwamba mchwa ndio wasomaji wake pekee waliomaliza kitabu.

Tarehe 18 Agosti 1984 alifunga ndoa takatifu mjini Mpwapwa na Ruthu Chibago, mkulima na muuza karanga, na hapa lazima tuseme jinsi walivyofanya kazi, kwa sababu bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Kila jioni Ruthu alikaa barazani na ungo wake akimenya karanga za kuuza kesho yake, na Elieza alikaa kando yake akimsomea alichoandika. Ruthu hakusifu wala hakukosoa. Maganda yakiendelea kupasuka, sentensi ilikuwa nzima, maganda yakinyamaza, Elieza alijua amedanganya mahali, akarudi nyuma na kufuta. Alituambia sisi ndugu zake, na alilisema kwa uzito kama mtu anayetoa ushahidi, kwamba hadithi ni kitu cha kutunga lakini haiwezi kuwa ya uongo, na kwamba tofauti ya viwili hivyo yeye hakuijua kwa akili yake, aliijua kwa vidole vya mkewe.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto watatu, Denis, aliyezaliwa mwaka 1985, Anitha, aliyezaliwa mwaka 1988, na Yona, aliyezaliwa mwaka 1991 na kuishi miezi saba. Marehemu ameacha pia wajukuu wanne.

Sasa, mtu akijulikana mtaani kwamba anajua kuandika, misiba yote inakuwa yake. Kwa miaka mingi, kufiwa Chang'ombe kulimaanisha mambo matatu, kutafuta maturubai, kutafuta sufuria kubwa, na kumtuma mtu kwa Elieza akaombwe historia ya marehemu. Aliziandika kwa moyo, akaziandika vizuri mno. Mwaka 2006 alifariki mzee mmoja wa mtaa ule, mume wa Mama Debora, ambaye yupo hapa leo na ametupa ruhusa ya kulitaja hili, na Elieza akamwandikia historia ya kurasa tatu, kwamba alikuwa mpole, msikivu, mpenda watu, mtu ambaye sauti yake haikuwahi kupanda. Ilisomwa mbele ya watu ambao wote walikuwa wameshafukuzwa na mzee huyo getini kwake kwa panga. Waombolezaji waliinamisha vichwa, mabega yakicheka, na baada ya maziko Mama Debora akamwambia Elieza, bila hasira, "Mwanangu, nilidhani nimekosea msiba. Nimemtafuta mume wangu kwenye karatasi yako, sikumwona."

Neno hilo lilimwingia. Ruthu, ambaye siku ile alikuwa amesafiri na hakusomewa kurasa zile, aliporudi na kusimuliwa alicheka hadi akashika mbavu, na tangu hapo kila mumewe alipopamba kitu kupita kiasi alimwuliza kama wamekosea msiba. Elieza aliendelea kuwaandikia watu, lakini kwanza akiwauliza wafiwa marehemu alikuwa akikasirishwa na nini, swali ambalo liliwashangaza wengi na kuwaliza zaidi.

Tarehe 9 Novemba 2013, Jumamosi, Ruthu alianguka nyumbani Chang'ombe kwa kiharusi na hakuamka. Mwili ulipoletwa hapa Gulwe, hakuna aliyeuliza nani ataandika historia, ilikuwa kama kuuliza nani atavaa viatu vya mtu mwenyewe. Elieza alijifungia chumbani na karatasi siku mbili. Alichokitoa, na ambacho Meshack alikisoma, kilikuwa mistari minne, alizaliwa lini na wapi, aliolewa lini, aliacha watoto wangapi, alifariki lini. Mistari minne, kwa mke wa miaka ishirini na tisa, kutoka kwa mtu aliyemwandikia kurasa tatu mzee wa panga. Yalisemwa mengi chini ya maturubai siku ile, kwamba hakumpenda, kwamba ana mwanamke mwingine, kwamba maneno yake yote huwapa wageni. Mtuwie radhi, baadhi ya mliosema mko hapa. Sisi tulioishi naye tunajua kwamba kila sentensi aliyoandika aliinua macho akitafuta maganda, akakuta kimya, na kwa kuwa sasa kimya kilikuwa cha wakati wote, hakuweza tena kujua ipi ni ya kweli na ipi si ya kweli. Aliogopa kwamba Ruthu angelala jeneza moja na mwanamke mwingine wa karatasi, na watoto wake wangemtafuta mama yao wasimwone.

Tangu siku hiyo hakuandika tena, si historia, si hadithi. Yeye aliuita ukame, na ulidumu karibu miaka kumi. Waliokuja kuomba historia za misiba yao aliwarudisha, wakasema anaringa. Denis alimnunulia kompyuta, akaijifunza vizuri na kuitumia kucheza karata. Anitha alimwingiza katika kundi la watunzi kwenye simu, ambako vijana walimshauri aandike ukurasa mmoja kila asubuhi bila kufikiri, akatii mwezi mzima, kisha akamwonyesha Meshack kurasa hizo, na zote zilikuwa zinasema kwamba leo sina la kusema. Mwaka 2019 alirudi hapa Gulwe akikaa stesheni kutwa nzima na daftari jeupe, akitumaini kwamba mahali alipoanzia kusema uongo patamsaidia, lakini watu walidhani ametumwa kupima viwanja vya reli mpya, wakamfuata kila alikokwenda wakimwonyesha mipaka yao. Alirudi Dodoma amechoka. Alimwambia mdogo wake kwamba kutoweza kuandika hakumwumi, kinachomwuma ni kwamba Ruthu bado hajasomewa, na yeye anazeeka.

Ugonjwa ulianza mwaka 2021, kwanza kisukari, kisha figo, na kuanzia Mei 2022 alilazimika kwenda hospitali jijini Dodoma kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Alikonda, akaacha kutembea mwendo mrefu, akawa mtu wa baraza. Anitha alikuwa kazini mchana, na hapo ndipo jirani yake, Bi Stara, mke wa Mzee Abdulwahab, alipoamua kwamba mgonjwa hakai peke yake. Bi Stara ni mtengeneza kashata, alinunua karanga kwa Ruthu miaka yote, na hakuona sababu ya kukaa bure, akaja na ungo wake, akaketi pale alipokaa rafiki yake, akaanza kumenya.

Siku ya kwanza, marehemu aliposikia sauti ile, alisimama akaingia ndani na hakutoka tena hadi jua lilipozama. Bi Stara alidhani amemkosea, nusura asirudi. Siku ya pili alirudi, na ili kuziba ukimya akaanza kumsimulia habari za Ruthu, wala si habari za sifa. Alisema Ruthu alikuwa na mdomo, kwamba walishawahi kununiana Ramadhani nzima kwa sababu ya kuku aliyeingia jikoni, na kwamba siku ya Idi Ruthu alivuka barabara na sahani ya mlenda, akaiweka mlangoni, akasema, "Kula, lakini kuku wako bado ni mwizi." Elieza alicheka. Anitha, aliyekuwa anaingia kutoka kazini, anasema alisimama getini na mkoba wake akaogopa kusogea, kwa maana hakuwa amesikia kicheko hicho tangu mama yake alipofariki.

Marehemu aliomba kalamu. Aliandika sentensi moja, akaisoma kwa sauti: Mke wangu Ruthu alikuwa mwepesi wa hasira. Bi Stara hakujua kwamba anapimwa kitu, aliendelea na kazi yake, na maganda yakaendelea kupasuka.

Hivyo ndivyo ukame ulivyokwisha, na hatutaki kuwadanganya kwamba mvua ilinyesha kubwa. Aliandika polepole, siku asizokwenda hospitali tu, sentensi mbili, tatu, na nyingi alizifuta, kwa sababu Bi Stara naye, bila kufundishwa na mtu, alikuwa akisitisha mkono penye uongo. Hakurudi kwenye hadithi zake. Alisema mtu akibakiwa na maji ya kikombe kimoja haoshei vyombo. Aprili mwaka huu alizidiwa akalazwa, akatoka, akalazwa tena, na Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, saa tisa alasiri, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Aliacha agizo moja, kwamba leo historia yake iwe ya mistari minne, sawa na ile aliyompa mkewe, na muda utakaobaki asomewe Ruthu. Agizo hilo, kama mnavyosikia, tumelivunja nusu. Nusu ya pili tunaitimiza, lakini kwanza familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu miaka mitatu bila kuchoka naye, wafanyakazi wenzake wa idara ya mifugo, mchungaji na kwaya, majirani wote wa Chang'ombe, na Bi Stara, ambaye hatuna namna ya kumshukuru ikatosha.

Alichoandika ni hiki.

"Mke wangu Ruthu alikuwa mwepesi wa hasira na mwepesi wa kuisahau. Alipima karanga kwa kopo lililobonyea, akijua limebonyea, kisha akamwongezea mnunuzi konzi moja kubwa kuliko alichompunja. Hakujua kuimba na aliimba kila Jumapili. Yona alipofariki alikaa na nguo yake moja mapajani hadi mavuno, siku ya mavuno akaikunja na kwenda shambani, na sikuwahi kuiona tena, wala sikuthubutu kuuliza. Alisikiliza kila nilichoandika na hakuniambia hata siku moja kwamba ni kizuri. Tarehe 8 Novemba jioni nilimsomea mwanzo wa hadithi mpya, akaacha kumenya. Nikamwuliza nimedanganya wapi. Akasema hapana, amechoka tu, nisome tena kesho."

Ameishia hapo. Tarehe inayofuata Meshack alishaisoma mwaka 2013, na Elieza aliona haina haja ya kurudiwa.

Kaka, tumekusomea mkeo, amelala hapo pembeni ya shimo lako na watoto wake wamemsikia. Mama Debora ametikisa kichwa kukubali, tumemwona. Hakuna aliyekosea msiba. Nenda ukapumzike kwa amani, na umsomee iliyobaki.