Barua Niliyomtilia Sahihi Mwalimu Hodi

Wasikilizaji wapendwa, leo sina muziki wa kufungulia kipindi. Nimemwomba fundi mitambo auache. Kama una sufuria jikoni, punguza moto, usogee karibu na redio. Leo namkumbuka mtu ambaye mwenzenu nilimkosea. Nilimkosea sana, na nilimkosea humu humu, katika chumba hiki cha matangazo.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu Hodi. Amefariki Jumapili iliyopita, saa tatu asubuhi, kwa maradhi ya figo. Alikuwa na miaka sitini na mmoja. Ameacha mke, binti mmoja na kaka yake mkubwa. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Mwalimu Hodi, aliyekuwa akifundisha udukuzi wa kimaadili, amefariki Jumapili.

Najua kuna anayesema, ala, udukuzi tena uwe na maadili? Ndiyo, unao. Mdukuzi wa aina hii anaajiriwa na mwenye kompyuta. Anajaribu kuingia, anaona mwizi angepitia wapi, halafu anamwambia mwenyewe azibe. Kuna kozi yake, kuna mtihani wake, kuna cheti chake. Mwalimu Hodi alifundisha kozi hiyo miaka minane.

Kaka yake ameniambia habari za utoto wao. "Huyu mdogo wangu alikuwa haachi kitu kimefungwa," anasema. "Alifungua redio ya baba, akairudishia, ikabaki skrubu moja mezani. Redio ikalia vizuri kuliko mwanzo! Ile skrubu mpaka leo hatujui ilikuwa ya nini." Alipokua akawa fundi wa simu za mezani, kazi ya kupanda nguzo na mkanda kiunoni. Simu za mezani zilipoanza kufa, akajifunza kompyuta. Akalinda kompyuta za benki. Kisha akawa mwalimu.

Darasa lake lilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ofisini. Kompyuta kumi na mbili, feni moja yenye kelele, na mlango ambao ulikuwa wazi siku zote. Mlango wazi, lakini ole wako uingie bila kupiga hodi. Alikuwa anakurudisha nje, upige hodi, uitikiwe karibu, ndipo uingie. Hakujali wewe ni nani. Siku moja mkuu wa chuo alijiingilia tu na mafaili yake kwapani. Akatolewa nje mbele ya wanafunzi. Jina la Mwalimu Hodi lilianzia hapo.

Na somo lake la kwanza lilikuwa hilo hilo. Usiguse kompyuta ya mtu bila barua. Barua iseme uguse nini, usiguse nini, uanze saa ngapi, umalize saa ngapi. Na mwenye mali atie sahihi. Alikuwa akiwaambia wanafunzi kwamba kati ya mdukuzi wa kimaadili na mwizi, tofauti ni karatasi moja. Karatasi moja tu, wasikilizaji wapendwa. Nawaomba mlikumbuke hilo.

Sasa, miaka sita iliyopita kozi ikaandikwa upya. Na haikuwa kubadilisha jalada tu. Akili mnemba ikaingizwa katika kila sura. Zikaja simu za mkononi, kamera za milangoni, hifadhi za mtandaoni. Programu nyingi za zamani walizokuwa wakikariri zikatupwa. Mtihani wa kuchagua jibu ukaongezewa mwenzake wa vitendo, saa sita mfululizo, mtu na kompyuta yake. Lile somo la barua, ambalo zamani lilifungua kitabu, likasukumwa nyuma na kupunguzwa likabaki kurasa mbili. Na walimu wote wakaambiwa: anayetaka kuendelea kufundisha, akafanye mtihani mpya.

Walimu wengi wa umri wake waliingia mitini. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitano, akaenda kukaa dawati moja na vijana wa rika la binti yake. Mkewe anakumbuka siku zile. "Alikuwa anakula huku anasoma. Asubuhi moja amekoroga chai kwa kalamu, halafu ananilaumu mimi kwamba sukari haikolei."

Alifaulu. Akapangiwa darasa la kwanza la kozi mpya. Wanafunzi ishirini na wawili walijiandikisha, waanze Jumatatu. Alhamisi kabla ya Jumatatu hiyo, nikamwalika hapa awaeleze wasikilizaji mabadiliko ya kozi.

Alikuja na shati lililopigwa pasi na mkoba wa ngozi. Akaeleza vizuri, kwa utulivu. Tena akasema hapendi lile somo la barua kuwekwa nyuma, na kwamba atalifundisha kwanza vile vile, kitabu kiseme kisiseme. Na mimi? Mimi nilikuwa natafuta vicheko. Mnanijua. Nikamwambia, "Mwalimu, yaani wewe ni mdukuzi anayebisha mlango? Wezi wote wangekuwa kama wewe, mbona tungelala unono!" Simu zikamiminika. Mmoja akasema, "Huyo mzee hawezi lolote, ni maneno matupu. Aonyeshe!" Nikapata kichwa. Nikasema hewani, "Haya Mwalimu, tudukue sisi, hapa hapa."

Hayo mliyasikia. Kilichofuata hamkukisikia, kwa sababu taarifa ya habari iliingia na vipaza sauti vikazimwa. Leo nawaambia.

Alifungua mkoba, akatoa karatasi. Akaandika kwa mkono: mfumo wa ujumbe wa wasikilizaji tu, kingine chochote asiguse, kuanzia saa nne mpaka saa tano asubuhi. Akanisogezea. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe una mamlaka ya kutia sahihi hapa?"

Nikamjibu, "Mwalimu, bosi ameshaniruhusu. Kipindi hiki mwenye nyumba ni mimi."

Ulikuwa uongo mtupu. Bosi hakuwa na habari. Mwenzenu hapa sina mamlaka hata ya kuhamisha kiti. Lakini nilikuwa na haraka, habari zilikuwa zinakwisha, na nilitaka kipindi kinoge. Nikatia sahihi. Alinitazama juu ya miwani, akaniamini. Alikuwa mtu wa kuamini maandishi.

Hakumaliza dakika kumi. Nywila yetu ilikuwa jina la kituo na moja mbili tatu. Jamani, aibu! Kwenye skrini ya ujumbe pakatokea maneno yake: "Hodi wenyewe. Mlango huu haukufungwa. Tafadhali badilisheni nywila." Nikayasoma hewani, watu wakacheka, nami nikapiga makofi.

Ambacho sikukijua ni kwamba skrini hiyo hiyo ilikuwa inaonekana ukumbi wa juu, na meneja alikuwa huko na wafadhili wa kituo. Akashuka ngazi mbili mbili. "Nani amemruhusu huyu?" Mwalimu Hodi hakutaharuki. Akatoa karatasi yake, akampa. Meneja akaisoma, akanigeukia. "Ulimwambia una ruhusa yangu?"

Mwalimu akanitazama. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa anasubiri tu niseme ukweli, twende nyumbani.

Nikasema, "Sikumwambia. Nilikuwa natania, bosi. Sikudhani angefanya kweli."

Nilimgeuzia kibao, wasikilizaji wapendwa. Nilimtosa mchana kweupe, mtu mzima aliyenizidi umri na akili. Akakunja miwani yake, akaitia mfukoni.

Meneja akaita polisi, na Mwalimu akakaa mahabusu siku mbili. Polisi hawakumfungulia mashtaka, lakini kituo chetu kilitoa tangazo kwamba mgeni ameingia kwenye mitambo bila idhini. Tangazo hilo nililisoma mimi. Sauti hii hii. Wenye kozi wakalisikia, wakamwondoa katika orodha ya walimu. Jumatatu wale wanafunzi ishirini na wawili walipanda ghorofani wakamkuta mwalimu mwingine. Baadhi yao najua mnanisikiliza, na najua mliambiwa mwalimu wenu ni mhalifu.

Yeye akashuka ghorofa. Duka la chini, lile la vifaa vya ofisini, likamchukua kutengeneza mashine za kuchapisha. Mimi mwaka uliofuata nikapandishwa kutoka kipindi kile, nikapewa hiki.

Nilikutana naye mara moja tu. Nilipeleka mashine yangu dukani bila kujua ni nani fundi. Nikamkuta, mikono imejaa wino. Nikajitia hamnazo, naangalia bei za kalamu ukutani. Akaniita mwenyewe. "Mwanangu, hujambo? Ile nywila mlibadilisha?"

"Tulibadilisha, Mwalimu. Tuliweka..."

"We! Usiniambie!" Akacheka mpaka akakohoa. Akatengeneza mashine yangu, akanifungia kwenye boksi lake vizuri. Alinipa nafasi pale, kubwa tu, ya kusema samahani. Nikasema asante, nikatoka.

Mwaka jana kozi iliandikwa upya tena. Binti yake anaisoma, na ndiye aliyenionyesha. Lile somo la barua limerudishwa mwanzo wa kitabu. Na ndani yake kuna mstari ambao haukuwahi kuwapo: usitosheke na sahihi, mtafute mwenye mali mwenyewe, umsikie kwa sauti yake. Mwalimu Hodi aliwaandikia wenye kozi barua nne kuomba mstari huo uwekwe. Aliwaeleza kosa lake yeye, kwamba alimwamini mtu bila kumpigia simu mwenye mali. Jina langu hakulitaja katika barua hata moja. Binti anasema kitabu kilipofika alisoma ukurasa ule mara moja, akakifunga, akasema, "Sasa hatakuwapo mwingine."

Wenye kozi wakamjibu. Walisema wako tayari kumrudisha katika orodha, afundishe kozi mpya, mradi yule aliyetia sahihi athibitishe kwa maandishi kwamba alidai ana ruhusa. Karatasi moja. Mwalimu alikuwa tayari mgonjwa. Aliwaambia watu wa nyumbani kwake kwamba anataka darasa moja tu, hata la wiki moja, hata akiwa amekaa. Kuniomba mimi alikataa. Binti yake akaja kwa siri.

Alikuja Jumatano ya wiki iliyopita. Alikaa mapokezi saa nzima. Alinipa karatasi, kila kitu kimeshaandikwa, imebaki nafasi ya sahihi yangu. Akasema, "Kaka, baba anaumwa. Nakuomba."

Nikaikunja. Nikafikiria meneja, ambaye ni yule yule. Nikafikiria kipindi hiki, mshahara, watoto. Nikamwambia, "Niachie, nitaisoma. Njoo Jumatatu."

Mwalimu Hodi alifariki Jumapili.

Na niwaambie jambo baya zaidi, maana nikilificha nitakuwa nimewadanganya tena. Jumatatu asubuhi, kabla sijapata habari, nilikuwa njiani kuja kazini nikipanga udhuru wa kumpa. Nilikuwa nimeshaupata. Ningemwambia aje Ijumaa.

Juzi nilikwenda nyumbani kwao. Sebule ilikuwa imejaa watu na viti vya kuazima. Nikapiga magoti mbele ya mkewe, nikamwambia yote, hayo hayo niliyowaambia ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Yote nayajua. Alinieleza siku ile ile aliyotoka mahabusu. Akasema, kijana yule aliogopa kazi, siku moja atakuja, na akija umpe kiti." Akaongeza, "Mimi sikumwahidi."

Nikasimama. Viti vilikuwapo. Nikasimama pembeni ya mlango mpaka watu wakaanza kuondoka. Wakati natoka akaniambia, "Ulimchafulia jina redioni. Nenda kayaseme huko huko."

Basi ndiyo haya. Wanafunzi wake, mwalimu wenu hakuwa mhalifu. Alikuwa na barua, na mwongo nilikuwa mimi. Karatasi ya binti nimeitia sahihi jana na imeshapelekwa. Wenye kozi wamejibu kwamba watamsafishia jina, ila marehemu hawezi kupangiwa darasa. Meneja nimemweleza leo kabla sijaingia humu. Amesema tuonane kipindi kikiisha. Namwona nyuma ya kioo, amekunja mikono.

Kwa niaba yangu mwenyewe natoa pole. Pole kwako kaka mkubwa, umemzika mdogo wako. Pole kwako binti, uliyekaa mapokezi saa nzima ukarudi mikono mitupu. Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza, labda kuna mtu anakudai ukweli, naye yuko hai, simu yake inapatikana. Mimi ukweli ninao leo, nimewasimulia watu maelfu, na yule mmoja aliyeuhitaji hayupo. Usimwambie aje Jumatatu. Zima redio sasa hivi umpigie.

Mama, najua unasikiliza. Pole sana, mama. Sikuombi kiti.