Do ya Redio

Kuna watu hawawezi kunywa kahawa bila kuitengeneza dunia, na benchi la mbele ya kibanda cha Hemedi, pale Kaloleni mjini Kisumu, lilikuwa limebeba watu wa namna hiyo mpaka likapinda. Hemedi alitengeneza redio, wakamwita Waya. Wasike, fundi wa reli aliyeimba besi kwenye kwaya, aliitwa Injini. Muhidin aliwauzia kahawa na maoni. Jioni moja ya mwaka 1987 Dalmas, mwalimu wa kwaya, alikaa kati yao kama mtu aliyefiwa. Jumapili kwaya ingekwenda kuimba kule Katito mbele ya makanisa yote ya upande ule, na kila mazoezi wimbo ulivunjika palepale, akina mama walipotakiwa kufika do ya juu, noti ya mwisho ya ngazi. Wazee wa kanisa walishamwambia bila kuzunguka: wimbo ukivunjika huko Katito, kwaya inapewa mtu mwingine.

Kosa lake mwenyewe Dalmas hakuliona. Do yake aliitoa kwenye redio, kwenye ule mlio wa kutangaza saa kamili. Aliungoja, akaushika kooni, akatembea nao kimya mpaka kanisani, hata akisalimiwa haitikii. Walimu wengine, alisema, wanakisia tu.

— Do ni moja. Re iko hatua moja juu yake, mi hatua nyingine, fa imebanana na mi, na kule juu ti imebanana na do. Hiyo ni sheria, bwana.

Wasike akasema sheria haina shida, shida ni namna ya kusimama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Basi akina mama waimbe wameinama. Hemedi akacheka, akaeleza kwamba umeme wa Kisumu una nguvu mno, ndiyo maana redio inalia juu. Katito wanatumia betri. Huko do itashuka yenyewe.

— Nyinyi hamjui kitu, Muhidin akasema. Huo mlio unatoka Nairobi, na Nairobi iko mlimani. Ukiuleta ziwani bila kuupunguza, wake za watu watapasuka.

— Do haipunguzwi, omera, ndugu yangu, Dalmas akamjibu. Si bei ya omena, dagaa wa sokoni.

Hapo ndipo Nabwire alipotokea, anatoka sokoni Kibuye na karai tupu. Kwenye kwaya yeye ndiye aliyekuwa na sauti kubwa kati ya akina mama. Akatua karai, akakataa kahawa.

— Mwalimu, Katito siendi. Koo hili ndilo ninaloitia wateja.

Dalmas akamsihi, akamweleza habari ya mlio wa redio, jinsi usivyokosea hata siku moja. Mama wa watu hakuwa amejua do ilikotoka. Akamsikiliza mpaka mwisho.

— Kwani Jumapili redio ndiyo itaimba?

Muhidin alimiminia kikombe kilichokuwa kimejaa.

— Wewe ukiwa nyumbani unaanzia wapi? Dalmas akamuuliza mwishowe.

Nabwire akaguna pale koo lilipopenda, chini kabisa. Dalmas akapaita pale do, akapanda polepole akihesabu kwa vidole. Fa ilikuwa bado imebanana na mi, ti na do. Ngazi ni ileile, imeshushwa tu kutoka darini. Wakaimba, na Nabwire akapita kwenye do ya juu kama anapita mlangoni kwake. Wasike ndiye aliyeitafuta noti yake ya chini akabaki na pumzi.

— Injini imezama, Hemedi akasema.

— Panda kidogo, Mama, Wasike akaomba.

Akapanda kidogo. Sasa yeye alifika juu na Wasike akafika chini, na hakuna aliyeinama.

— Jumapili wewe ndiye utaanza, Dalmas akamwambia.

— Na wewe?

— Mimi nitapunga mikono.

— Hiyo utaiweza, Nabwire akasema, akajitwika karai akaenda zake.