Sakafu Isiyovunjwa

Mama yake mwalimu alikuwa akikohoa katika chumba kipya walichomwongezea nyuma ya nyumba. Sakafu ya zege ilikuwa ikilowa, na fundi alitaka kuivunja yote. Basini mwalimu alikutana tena na mwashi mstaafu ambaye juzi alimshauri atandike nailoni sakafuni ili ajue unyevu unatoka wapi.

“Ile nailoni uliitandika, ukaziba kingo?”

“Siku mbili, mzee wangu. Leo nimeifunua: chini pakavu, juu ndipo palipolowa.”

“Basi maji hayatoki ardhini, mwanangu. Ni mvuke wa chumbani. Usivunje kitu, fungua madirisha.”

Mwalimu alishusha pumzi kama aliyetuliwa gunia kichwani. Hata abiria wa mbele, ambaye hakuulizwa, alisema alhamdulillahi.

“Lakini mama hataki dirisha wazi, anaogopa baridi.”

“Hapo sasa,” mzee alisema basi likisimama, “mwite fundi mwingine. Mimi najua sakafu, mama simwezi.”

Mwalimu alishuka akicheka.