Neno la Kwenye Kona

Sogeeni, wanangu, na huo mlango urudisheni, maana sauti yangu imekuwa nyembamba na sitaki ipotelee uani. Mkubwa, kaa hapa kitandani, na wewe kitindamimba kaa upande wa pili, acheni kunipangia mito, na mjukuu wangu asimame pale miguuni nimwone uso. Ninaogopa. Nasema wazi kwa sababu sina muda wa kujikaza: ninaogopa sana, na si kifo, maana hicho tumeshazoeana, kinaingia na kutoka humu chumbani kama mpangaji. Naiogopa Jumamosi, siku ya mbio za mteremko.

Nitue kwanza yale madogo. Nyumba isiuzwe maadamu mmoja wenu hana pa kulala. Cherehani yangu ya makochi, ile nzito mnayoikimbia mkisingizia migongo, ni ya mke wa mkubwa, kwa kuwa ndiye pekee asiyeikatia uzi. Randa na patasi za marehemu baba yenu zikae palepale bandani, ni zenu wote wawili, na atakayetia kufuli ajue nitamjia ndotoni.

Na ugomvi wenu uishe. Mmoja alisema gari la mteremko liwe zito ili lishuke kwa nguvu, mwingine akasema liwe jembamba lipasue upepo, mkanuniana mpaka mkawa mnakula kwa zamu msionane, vichwa vigumu nyie, kumbe wote mlikuwa sahihi. Mwaka huu mmelithibitisha wenyewe: mkubwa amechomelea fremu, kitindamimba amechora umbo, nami nimelishonea ngozi ya turubai hapahapa kitandani, sindano ikiniponyoka, mjukuu akinitungia uzi. Baba yenu alikuja kunichumbia akinuka gundi ya mbao, na tangu siku hiyo nimeishi na magari yasiyo na injini, ya mbao, ya bati, hata moja lililokuwa beseni langu la kufulia, ambalo sikuulizwa. Sijaona zuri kama hili. Dereva analala chali, pua inakaribia kugusa turubai, na lenyewe liko chini kiasi kwamba paka angeliruka bila kujitahidi.

Sasa nisikilizeni kuhusu breki. Magari yote yaliyotoka banda lile, ukishika mkono wa breki, yanasimama. Hili kitindamimba ameligeuza: springi inabana magurudumu muda wote, dereva akishika mkono ndipo yanaachia, na akiuachilia tu gari linasimama, ili akizimia asiende kuparamia watu. Hiyo ni akili, mwanangu, nakusifu mbele ya kaka yako, na yeye asijifanye hakusikia. Lakini hukufikiria midomo yetu.

Familia nyingine zina bendera, zina filimbi. Sisi pale kwenye kona ya mteremko, penye ukuta wa kiwanda, tunaita “Shika!” Baba yenu ndiye aliyeanza, alipofariki nikasimama mimi, kwa sababu dereva aliyejikunja mle ndani hauoni ule ukuta mpaka umemfikia usoni, anachosubiri ni sauti tu. Nyote wawili mmepita pale mkiwa wazima kwa neno hilo, na huyu mtoto amelisikia tangu hajaota meno.

Jana mchana mlilipandisha juu ya stuli hapo uani, nikawa nawasikia dirishani. Mkazungusha magurudumu. Mkubwa ukamwambia mwanao, dereva wetu wa Jumamosi, “Haya mama, tufanye kama siku yenyewe,” kisha ukaita, “Shika!” Nikatega sikio ningoje kimya. Magurudumu yakaendelea kuvuma, wanangu, yakaendelea tu, kwa sababu mtoto alikuwa ameshika, tena kwa nguvu zake zote, kama alivyofundishwa. Naye akacheka: “Nimesahau, baba, hili ni kinyume!” Nanyi mkacheka, mkamwambia atazoea. Tangu hapo nikifumba macho namwona ndani ya turubai nililoshona kwa mikono yangu, ukuta unamjia, anabana kwa hofu, na kadiri anavyobana ndivyo gari linavyozidi kukimbia, nanyi mmesimama pembeni mnamwitia kifo chake kwa mapenzi yote.

Msiniambie mtabadilisha neno. Nimewasikia, eti mtaita “Achia!” Pale ukutani hofu ikiwashika, midomo yenu itatoa lilelile la zamani. Njoo hapa, mama, nipe mkono wako. Shika vidole vyangu kama umeshika ule mkono wa breki. Tukubaliane: nikikuitia, neno lolote lile, unaachia, kama gari jipya linavyotaka. Umeelewa? Hebu rudia. Haya, vizuri, una akili.

Shika!

Mmeona? Mmeona alivyonibana? Pete imenizama kwenye nyama. Si kosa lako, mama yangu, usilie, mkono wako umefanya tulichoufundisha.

Basi wosia wangu ni huu, mengine yote bishaneni mkitaka. Breki igeuzwe leo hii, nikiwa hai. Akishika, lisimame. Kitindamimba, usinune, hiyo springi utaitafutia njia nyingine, unaweza. Na isipogeuka, gari libaki bandani, hata kama mtakuwa mmenizika Ijumaa na watu wanasema mbio ni za kunienzi. Sitaki kuenziwa hivyo. Chukueni spana, nendeni. Mlango uacheni wazi.

...

Mmemaliza? Mbona mmezima taa? Ni mchana? Basi ni macho yangu. Hamna neno. Nawaombea mpatane, Mungu awalinde barabarani na nyumbani, watoto wenu wawazike ninyi, msiwazike wao. Hiyo ndiyo baraka yangu, sina nyingine kubwa kuliko hiyo. Sasa zungusheni niwasikie. Mkubwa, ita wewe, kwa sauti, kama uko pale ukutani.

Mbona huiti? Umeita? Sikusikia, masikio nayo yananiacha.

Lileteni humu ndani. Litapita, mlilifanya jembamba. Inueni gurudumu hapa kitandani, mniwekee kiganja juu ya tairi... hivyo. Mjukuu yuko ndani? Amelala vizuri? Zungusheni. Naam, linanikwaruza. Linakimbia hilo, ee Mungu, linakimbia kweli. Mwiteni.

Limesimama.

Zungusheni tena. Mwiteni tena, wanangu... bado naogopa.