Mzee Kipkosgei Kemboi na Pete ya Askofu

Baba Askofu, wachungaji, jamaa mliotoka Kapsokwony na Kamukuywa, majirani zetu wa Matisi, nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni Jerop, mtoto wa pili wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu kaka yangu mkubwa, Kipchirchir, amekataa kusoma. Baba mdogo Kipkorir amenipa karatasi iliyopigwa chapa akaniambia, "Soma vile iko, usiongeze kitu." Tarehe nitazisoma vile ziko. Mengine nitayasema mwenyewe.

Marehemu Elijah Kipkosgei Kemboi alizaliwa tarehe 2 Juni 1951 huko Kapsokwony, akasoma shule ya msingi papo hapo hadi darasa la saba mwaka 1967, karo ikakosekana, akalima vitunguu na babake kwa miaka minne, kisha akashuka Kitale kutafuta kazi. Mwaka 1972 aliajiriwa kufagia duka la sonara mmoja, Mzee Chaman, ambaye baada ya mwaka mmoja alimketisha mezani akamfundisha kuyeyusha fedha, kulehemu pete na kufunga jiwe, ingawa ndugu zake Chaman walimkasirikia kwa kutoa kazi ya ukoo kwa mtu wa nje.

Tarehe 16 Desemba 1978 alifunga ndoa na mama yetu, Linah Nasike, huko Kamukuywa, wakapata watoto watatu, Kipchirchir, mimi na Everlyne, na mwaka 1985 akafungua karakana yake hapa Matisi.

Karatasi inasema marehemu alipenda kufundisha. Si kweli. Kipchirchir alifundishwa kwa makofi mpaka akatoroka nyumbani, na mimi niliyetaka kufundishwa niliambiwa, "Jiwe yenye imefungwa na mwanamke itaanguka kabla Krismasi." Kwa hiyo nilijifunza kwa kumtazama nikimpelekea chai, na siku moja mwaka 2008, alipokuwa ameenda Webuye, nilimaliza pete yangu ya kwanza. Aliporudi aliiweka juu ya chuma akaipiga nyundo hadi ikawa bapa, akatupa nguo zangu langoni. Majirani wa Matisi, mliona. Mlisimama mkiangalia, hakuna aliyesema neno.

Nilienda Bungoma, ambako mwenye duka aitwaye Parminder alinipa meza karibu na dirisha, na nimefanya kazi hapo hadi leo. Mama alipofariki mwaka 2009 nilikuja kumzika na baba hakunisalimu.

Mwaka 2017 marehemu alianza kutetemeka mikono. Baba mdogo, naomba ukae, sijamaliza. Alianza kutetemeka, akawaficha watu wote, na Septemba 2019 akaja Bungoma asubuhi, mara ya kwanza kwa miaka kumi na moja, akaweka mezani kwangu pete ya fedha aliyoitengeneza na kiberiti chenye jiwe dogo la zambarau, lisilozidi punje ya mahindi.

Akasema, "Nifungie hii."

Nikamuuliza, "Baba, wakiuliza ni nani amefunga, utasema nini?"

Akasema, "Fanya kazi."

Nilifanya. Kikombe cha kukalia jiwe alikuwa amekiacha kimepinda, nikakitupa, nikakata ukanda mwembamba wa fedha nikaulehemu upya, nikachonga ndani mpaka jiwe likakaa sawa bila kucheza, kisha nikaukunja ukingo juu yake kwa chuma kidogo, nikisukuma upande mmoja, halafu upande unaotazamana nao, polepole, kwa maana jiwe la namna hiyo likibanwa upande mmoja hupasuka. Ilinichukua hadi saa kumi. Alikaa kando yangu muda wote, akaitazama kwa kioo cha kukuzia, akaifunga kwenye leso, akaondoka bila kuaga.

Jumapili tarehe 6 Oktoba 2019, Baba Askofu alitimiza miaka ishirini na mitano ya uaskofu, na waumini wakamvisha pete hiyo. Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Mchungaji akauliza ni fundi gani huyu, na marehemu akasimama, akaficha mikono ndani ya koti, akasema, "Ni mimi." Kanisa zima likapiga makofi. Nilimngoja nje, nikamuuliza kwa nini, akanijibu, "Nani atavisha askofu kazi ya mwanamke?"

Baba Askofu, unaivaa sasa hivi. Mimi ndiye niliyeifunga.

Mwaka 2023 hali yake ilizidi, mwisho hakuweza kushika kijiko, na tarehe 20 Februari mwaka huu wa 2025 alilazwa hapa Kitale. Nilifunga kazi nikaja kumlisha kwa siku kumi na tisa. Kila siku nilingoja aseme neno moja tu kuhusu ile pete. Siku ya mwisho ya kuongea alinitazama akasema, "Umeacha wateja wa watu Bungoma, utafukuzwa." Alifariki Jumanne tarehe 11 Machi, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, Parminder aliyenilindia meza yangu, dada yangu Everlyne aliyemfulia, na ninyi majirani mliochimba kaburi na kupika tangu jana, hata kama nina kinyongo nanyi.

Baba, mimi sijakusamehe, na nisingetaka kukudanganya ukiwa hapo umelala. Labda nitaweza baadaye, labda sitaweza. Wewe tangulia, upumzike kwa amani.