Siri ya Fundi wa Mabati

Mimi umbea naupenda, sikatai, ila asubuhi hiyo ndani ya basi sikuhitaji hata kutega sikio. Fundi wa kiwanda cha mabati, aliyeketi mbele yangu, alidhani ananong'ona, kumbe ananadi. "Dada yangu, hii ni siri," alimwambia mama muuza mitumba aliyeketi naye. "Leo tunapimwa masikio. Asiyesikia, kazi hana." Basi zima tukaitunza siri.

Mama akamtazama usoni. "Si mashine zao ndizo zilizokuharibu? Wakulipe!"

"Watasema nilikuja kiziwi. Tuliomba vizibo vya masikio, msimamizi akatucheka, eti tuzoee kama wanaume. Sasa mwanangu akiniita baba, mama yake ndiye anayenigusa bega." Akacheka peke yake. "Midomo naisoma vizuri, lakini daktari atasimama nyuma yangu. Hebu geukia dirishani useme kitu, nijaribu."

Mama akageuka. "Kaka, kazi hiyo itakumaliza."

Fundi akakikodolea macho kisogo chake. "Sema basi!"

"Nimeshasema," mama akaliambia dirisha, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Basi likapunguza mwendo, likasimama mbele ya geti la kiwanda. "Wa mabati!" kondakta akaita. "Wa mabati, shukeni!"

Fundi hakuinuka. Alikuwa ameinamia kisogo cha mama, kiganja nyuma ya sikio. "Usiniharakishe, dada yangu," alisema. "Anza na neno moja tu."